Saa za Maji Nyuma ya Kadi

Vijana wangu wa ofisini,

Siku mliyoniaga mlinipa bahasha. Mlikuwa mmenilipia siku nne za pwani: nyumba ya makuti kaskazini ya Dar es Salaam, chakula chote, na siku ya tatu safari ya kisiwani. Mlipiga makofi, na mmoja wenu akasema, "Mzee Kalinga, miaka yote umewapeleka watu baharini, sasa zamu yako." Nikashukuru, nikaketi, nikala wali. Bahasha bado iko kabatini, juu ya blanketi. Mmeniuliza mara mbili kwa nini sijaenda, nami nimewajibu magoti yananisumbua. Ni kweli yananisumbua, lakini hilo silo jibu. Jibu ni refu, na kwa kuwa nanyi mnaifanya kazi ileile niliyoifanya, nimeona niliandike.

Msitafute humu habari za vyeo. Cheo changu cha kwanza nilikipata kwa kukalia kiti cha mtu mwingine, na vingine vyote vilijengwa juu ya hicho. Mtaona nilivyokipata.

Nilianza kazi Iringa, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, kwenye kampuni ya mabasi iliyokuwa na dirisha la pembeni la kuuza mapumziko ya pwani. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, mwandiko wangu ukiwa mzuri kuliko akili yangu. Siku ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nimevaa kaptula ya kaki na sweta la mama. Karani niliyemkuta hakunifundisha lolote mpaka saa tatu. Alinikalisha karibu na jiko la mkaa nipashe mikono, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi huandika vibaya, na kadi iliyoandikwa vibaya humrudisha mteja dirishani akiwa mkali. Mpaka leo naamini ni mafunzo mazuri kuliko semina zenu.

Wateja wetu walikuwa Wazungu: wa chai kutoka Mufindi, wa tumbaku kutoka Iringa, wa kahawa kutoka Mbozi, na wachache waliobaki wakichimba dhahabu Chunya. Madaktari wao waliwaambia mwinuko unachosha moyo na kuharibu neva, basi kila mwaka washuke kwenye usawa wa bahari wiki mbili. Mioyo yetu sisi tuliozaliwa huku juu hakuna aliyeipima. Bagamoyo tuliiuza kwa wanaopenda majumba ya kale, Unguja kwa wasioogopa meli, na wenye watoto tuliwauzia nyumba za ufukweni karibu na Dar es Salaam, zilizotazamana na visiwa vidogo vya kwenda asubuhi na kurudi mchana. Nyumba zile hazikumpokea mtu mweusi, isipokuwa awe mpishi, dereva au yaya.

Baada ya mwaka mmoja nilihamishiwa Mbeya, na huko ndiko nilikomkuta Mzee Mwaipopo.

Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, koti jeusi la misheni, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa ameiuza bahari miaka kumi na miwili na hakuwahi kuiona. Kila mteja aliyerudi alimsimamisha mlangoni na kumuuliza: maji yalikuwa na rangi gani asubuhi, mchanga unachoma miguu saa ngapi, kisiwa kipi kina kivuli. Majibu aliyaandika kwenye daftari. Akija mama mwenye watoto wadogo, Mzee Mwaipopo alimweleza pwani yote kama mtu aliyezaliwa pale, na yule mama alikata kadi bila kuuliza tena. Mimi nilimwona mwongo. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwahi kusema neno ambalo hakuliandika kutoka kwa mtu aliyefika.

Wiki yangu ya kwanza aliniita uani. Mbele yake palikuwa na karai, jiwe bapa na birika la maji. Akaweka jiwe katikati ya karai.

"Hiki ni kisiwa," akasema. "Huku pembeni ni Dar es Salaam. Mtu amevuka kwa miguu, anakula mkate wake juu ya jiwe." Akamimina maji taratibu mpaka jiwe likapotea. "Haya, gwe Kalinga. Huyu mtu sasa yuko wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, kwetu maji yakishapita yamepita. Ruaha haijawahi kurudi."

"Ndiyo maana nakufundisha. Ninyi Wahehe mnajua mto. Hii maji ingine haina safari. Inatoka, inarudi, inatoka tena. Na kila siku inachelewa kidogo kuliko jana, kama mlevi wa ulanzi anavyochelewa nyumbani."

Kadi zetu zilikuwa ngumu, za kijani. Mbele tuliandika jina, basi, treni na nyumba ya kufikia. Kama mteja alikuwa anakwenda mahali pa kuvuka kwa miguu, nyuma ya kadi tuliandika saa za maji za siku ile: kuvuka kuanzia saa fulani, kurudi kabla ya saa fulani. Saa hizo tulizitoa kwenye jedwali la chapa lililobandikwa ukutani, hatua nne kutoka mezani kwangu. Chini ya kadi kulikuwa na karatasi ya kaboni, na chini ya kaboni nakala nyembamba yenye namba. Nakala tulizitunza kwenye jalada kwa kufuata namba.

Tena kulikuwa na kitu tulichokiita jicho. Hakuna kadi iliyotoka bila mtu wa pili kuisoma pande zote mbili, kulinganisha na jedwali, na kuandika herufi zake pembeni. Meneja hakutuamuru hivyo. Ni Mzee Mwaipopo aliyekianzisha. Alisema mtu aliyeandika haoni kosa lake, kama vile mtu haoni kisogo chake. Usipoweka jicho, kadi ni karatasi tu.

Mzee alikuwa na binti, Tusekile, wa miaka kumi na tisa hivi. Alisoma kwa wamisheni mpaka darasa la sita na alikuwa yaya kwa mkulima mmoja wa kahawa Mbozi, akimlea mtoto wa kike wa miaka minne. Jina la mtoto yule sitaliandika. Siku za kuja mjini, Tusekile alikuwa akipita ofisini kumsalimu baba yake. Alipiga goti kidogo mlangoni, kisha akaketi kwenye benchi na mtoto mapajani, na wakati baba yake akiandika alimsomea yule mtoto maandishi ya kadi kama hadithi. Mzee alikuwa akimwambia, "Soma nyuma pia. Mbele ni majina tu. Nyuma ndiyo uhai wa mtu." Tusekile alikua akisikia maneno hayo.

Mwezi wa tatu, miaka miwili baada ya mimi kufika Mbeya, yule mkulima alikuja dirishani na mkewe. Walitaka nyumba ya ufukweni, na siku moja kwenye fungu la mchanga ambalo maji yakitoka linaonekana na unafika kwa miguu, maji yakijaa linazama lote. Orodha yetu ya chapa ililiita kisiwa kinachozaliwa mara mbili kwa siku. Wazungu walilipenda sana jina hilo. Yaya angekwenda pamoja nao.

Sikuwahi kumwona Mzee Mwaipopo na furaha kama ya siku ile. Hakucheka, hakuwa mtu wa kucheka, lakini alitoa daftari lake, akachana ukurasa safi na kumpa binti yake. "Utaniandikia wewe," akamwambia. "Usiulize watu. Uandike ulivyoona mwenyewe."

Niliandika kadi yao. Siku waliyochagua, maji yangekuwa yametoka kabisa saa sita mchana, basi nyuma nikaandika: kuvuka kuanzia saa nne asubuhi, kurudi kabla ya saa nane mchana. Mzee alisoma, akalinganisha, akaweka jicho. Kadi ile ilikuwa sahihi.

Kisha mvua ikashuka, na daraja la mbao kule Usangu likaenda na maji. Basi la Iringa halikutoka. Abiria walirudi makwao, wengine walilala kwa jamaa zao, na kila asubuhi walikuja kutuuliza kana kwamba sisi ndio tuliolibomoa daraja. Siku ya kumi na moja ikaja habari kwamba limefungwa magogo na basi linaweza kupita. Kufika saa mbili, ofisi ilikuwa imejaa. Nilikuwa na kadi zaidi ya kumi za kusogeza tarehe, na basi lilikuwa likinguruma nje. Tulikuwa tunakwangua wino wa zamani kwa wembe na kuandika juu yake, na kwenye nakala tunakata mstari na kuandika pembeni. Nikakwangua, nikaandika, nikakwangua, nikaandika. Kila siku ya safari ikasogea siku kumi na moja.

Kwenye ile kadi ya Mbozi nikasogeza tarehe. Saa sikuzisogeza.

Nimefikiri miaka mingi ni kwa nini. Haraka ilikuwepo, lakini haraka haitoshi. Karai nililiona, jedwali nililijua, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeandika saa tofauti kila siku. Lakini mtu wa milimani, tarehe ikisogea, saa inabaki mahali pake. Mnada wa ng'ombe ukiahirishwa wiki, saa ni ileile. Ibada ni saa ileile. Kichwani nilijua bahari haiko hivyo, lakini mkono wangu ulikuwa bado Mhehe. Ninyi mnaojua kila kitu kwa kukisoma tu, liangalieni hilo.

Nikamsogezea Mzee kadi aweke jicho. Tusekile alikuwa amesimama kwenye mlango wa basi na mtoto mgongoni, amevaa viatu vipya vyeupe vya raba, akimtazama baba yake. Mzee naye alikuwa akimtazama yeye. Akaandika herufi zake pembeni bila kuinamisha kichwa. Akatoka nje, akampa kadi mkononi, akamwambia maneno kwa Kinyakyusa ambayo sikuyasikia. Basi likaondoka.

Yaliyotokea huko niliyajua kwa vipande, na vipande vingine nimevipata mwaka huu. Siku ya fungu la mchanga, Bwana na Bibi walikuwa na wageni. Walimtuma Tusekile atangulie na mtoto, wao wangefuata. Bibi alivua saa yake ya mkononi akamfunga Tusekile, akampa na kadi. Mtumishi mmoja wa ile nyumba alimwambia Bwana kwamba maji yanarudi mapema leo. Bwana akamjibu kwamba kadi imeandikwa ofisini kutoka kwenye jedwali la serikali. Saa nne Tusekile alivuka, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu. Kwa kweli siku ile ilitakiwa awe amekwisha kurudi kabla ya saa tano. Wavuvi walimtoa adhuhuri, amesimama juu ya jiwe, maji shingoni, amenyoosha mikono juu. Mtoto alikuwa ameteleza mikononi mwake muda mfupi kabla.

Siku ya tatu polisi wa Dar es Salaam walimpigia meneja wetu simu. Yaya ameshitakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Anasema alifuata kadi. Kadi yenyewe imechukuliwa na maji. Je, ofisi iliandika saa gani?

Meneja alikuwa Mzungu mpole wa sauti, asiyependa kelele. Alimwita Mzee na kumwambia atafute nakala. Mimi nilikuwa pale. Nilisema nakwenda msalani, nikapita kwenye jalada kwanza. Niliisoma nimesimama. Tarehe ilikuwa imekatwa mstari na mpya imeandikwa pembeni, chini yake saa zilezile za zamani, na pembeni kabisa herufi za Mzee. Nikaikunja mara nne, nikaiweka ndani ya soksi.

Mzee alipekua lile jalada jioni nzima. Aliweka nakala zote mezani kwa mstari, kwa kufuata namba, na palipokosekana moja aliacha nafasi tupu. Kisha akaniita.

"Mwanangu, hii hapa imekwenda wapi?"

"Labda panya, mzee."

Aliitazama ile nafasi. "Panya wa Mbeya amesoma. Amechukua moja tu."

Hakuniuliza tena. Naamini alijua palepale, na alikuwa ananipa nafasi. Sikuichukua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mama yangu Iringa alikuwa ananitegemea, na nilijiambia kwamba mahakama itamwachia kwa sababu ni msichana na hakukusudia. Kila asubuhi nilijiambia leo nitaitoa. Nikaingia ofisini, nikampa Mzee shikamoo, akanijibu marahaba kwa sauti ileile, nami nikakaa na karatasi ile kifundoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi yalikuwa yangu, kifo kilikwenda kuumbua nyumba ya mwenzangu.

Meneja aliwajibu polisi kwamba nakala haijaonekana, lakini ofisi huandika kutoka kwenye jedwali, na jedwali la siku ile linasema kurudi kabla ya saa tano. Kwa hiyo mahakamani jedwali likawa ndiyo kadi. Tusekile akawa mtu aliyesoma saa tano akakaa mpaka saa sita. Mzee aliomba ruhusa aende Dar es Salaam. Akaambiwa asubiri.

Siku ya tisa baada ya simu ile ya polisi ikaja nyingine: kifungo cha miezi minane. Mzee aliweka kalamu chini, akavua miwani. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka wateja wawili wakasimama dirishani na kuondoka bila kuhudumiwa.

Ndipo nikainama, nikatoa ile karatasi kwenye soksi, nikaikunjua juu ya meza yake. Ilikuwa imelowa jasho, lakini ilisomeka.

Alisoma mbele, kisha saa, kisha akafika pembeni. Akaweka kidole juu ya herufi zake mwenyewe, akakaa nacho pale.

"Na hili jicho ni la nani?" akaniuliza.

Hakungoja nijibu.

"Nilikuwa natazama viatu vyake," akasema. "Vilikuwa vipya."

Aliingia nayo kwa meneja. Alikaa nusu saa. Alipotoka alikuwa amebeba koti lake mkononi, na ile karatasi hana.

"Anasema kesi imekwisha," akaniambia. "Ofisi ikisema kadi ilikosea, hakuna Mzungu atanunua kadi ingine. Ile karatasi amefungia kwenye droo. Tena anataka nimwachie kazi leo, kimyakimya."

"Mzee, naingia niseme mwandiko ni wangu."

"Umechelewa siku tisa, Kalinga." Hakusema kwa ukali. "Kalamu ilikuwa yako, jicho langu. Sasa ukisema, tutakuwa wawili bila kazi na yeye bado yuko ndani. Nyamaza ulivyokuwa unanyamaza."

Nilimtii. Mpaka leo naona nilimtii upesi mno. Yeye alikwenda Boma kueleza, akaambiwa alete hiyo nakala, na nakala ilikuwa kwenye droo iliyofungwa. Alirudi siku tatu mfululizo kukaa kwenye benchi la Boma, kisha akachukua basi la Tukuyu. Wiki iliyofuata meneja akaniambia nihamie kwenye meza ya Mzee, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Nikahama. Kiti kilikuwa na mto mdogo aliokuwa ameshonewa na binti yake. Niliutuma Tukuyu kwa dereva, bila barua.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nanyi mnajua nilivyokuwa. Mlinicheka kwamba nasoma tiketi mara tatu. Mlisema Mzee Kalinga anaweza kuchelewesha basi kwa sababu ya nukta. Wateja walibadilika, wakaja walimu, makarani, maharusi, watu wetu wenyewe wakienda kuona maji, na kampuni ikabadilika mikono. Mimi nikaendelea kuuza visiwa. Kila mara mtu alipoahirisha safari nilitoka mezani, nikahesabu hatua nne, nikasimama mbele ya jedwali. Hata ofisi ilipohamia jengo jipya na jedwali likawa mezani, nilisimama kwanza.

Mzee Mwaipopo alifariki kabla bendera haijabadilishwa. Nilikwenda mazishini. Watu walikuwa wengi, nikasimama nyuma karibu na migomba. Nilimwona Tusekile mbele, amefunga kitambaa kichwani, amekonda. Sikumsogelea. Nilikula chakula cha msiba cha mtu niliyemuua kwa kimya changu, nikapanda basi, kesho yake nikafungua dirisha la tiketi saa mbili kamili.

Wiki mbili baada ya ninyi kunipa bahasha, nilikwenda Tukuyu. Nilishuka barabarani, nikauliza, nikapanda kilima polepole kwa sababu ya hayo magoti. Nilimkuta akimenya ndizi uani. Hakuolewa. Aliniambia baadaye, bila kulalamika, kwamba hakuna mama mkwe anayetaka mtu aliyefungwa kwa ajili ya mtoto.

"Mwaghonile, dada," nikasema.

Alishusha kisu, akanitazama. "Kaka Kalinga," akasema. "Umezeeka. Kaa kwenye kigoda."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nikayasema yote: kadi, tarehe, saa, soksi, siku tisa. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza alikusanya maganda, akayatupia ng'ombe, akarudi kukaa.

"Najua," akasema. "Ule haukuwa mwandiko wa tata, baba yangu. Nilijua siku ileile kwenye basi."

"Mzee alikwambia habari ya karatasi?"

"Tata hakusema kitu mpaka amekufa. Alisema kosa ni lake. Basi." Akachukua ndizi nyingine. "Wewe umewahi kuiona? Bahari?"

"Hapana."

"Watu wanafikiri inakuja na kelele kama mto ukifurika. Haina kelele. Mchanga unalowa tu, pale ulipokuwa mkavu. Mtoto alikuwa anachimba shimo, shimo likajaa maji kutoka chini. Akafurahi. Mimi nikaona."

Nilisogeza kigoda mbele. "Uliona saa ngapi?"

"Saa tano haijafika. Njia ilikuwa bado ipo, maji magotini. Ningembeba tungefika." Aliacha kumenya. "Nikatoa kadi, nikasoma nyuma. Inasema saa nane. Nikatazama saa ya Bibi, nikatazama maji, nikasoma tena. Mara tatu nilisoma. Mwandiko haukuwa wa tata, lakini jicho lilikuwa lake. Nikasema, mimi mtu wa Tukuyu, ninajua nini juu ya maji haya? Maji ni ya watu wa huku. Kadi ni ya nyumbani."

Nilimwomba msamaha. Aliingia ndani, akatoka na mkungu mdogo wa ndizi, akaufunga kwa kamba ili niweze kuubeba. Nikasema ndaga, asante ya kwao. Akaitikia kwa kichwa. Alinisindikiza mpaka njia panda, akageuka.

Nilipofika hapa kwenye barua nimetoa bahasha yenu kabatini, nikasoma kadi iliyomo. Mbele kuna jina langu, tarehe, basi, nyumba ya makuti, na siku ya tatu kisiwa. Mmeandika kwa mashine, safi kabisa. Nikageuza nyuma. Nyuma ni peupe.

Ninawarudishia pamoja na barua hii. Safari yangu mpeni mwingine, labda yule dada anayefagia, yeye naye hajaiona. Lakini kabla hamjampa, mmoja wenu aandike saa za maji nyuma yake, kwa siku ileile atakayovuka. Mwingine asome pande zote mbili, aweke jicho. Na wakati anaweka jicho, asimtazame anayesafiri.